Sakitu ikiwahi, tusikimbilie kung'oa viazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakulima wenzangu wa viazi mviringo wa Makete, Njombe na miinuko ya Mbeya kuhusu jambo linalopuuzwa kila sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, inaposhuka kabla ya wakati wake. Mtu huamka akakuta shamba limekuwa jeusi kana kwamba limepitiwa na moto, na kabla jua halijapanda ameshaita vibarua wang'oe kila kitu, huku dalali akisubiri barabarani na bei ya kutupa. Kwa maoni yangu, haraka hiyo hututia hasara kuliko baridi yenyewe.

Majani ya kiazi huungua joto likifika nyuzi 2 hivi chini ya sifuri, lakini udongo haupoi kiasi hicho kwa usiku mmoja, na viazi vilivyofunikwa vizuri hubaki vizima. Kama mmea bado mchanga, usiguswe, kwa kuwa huweza kuchipua upya kutoka chini ya udongo, ingawa mavuno yatachelewa na pengine kupungua. Kama viazi vimeshajaa, mashina yaliyokufa yakatwe na kuondolewa shambani, kisha viazi viachwe ardhini wiki mbili hivi ili ganda likomae, maana kiazi kinachochubuka kwa kidole hakifiki sokoni na sura yake wala hakidumu ghalani. Katika muda huo nyufa za matuta zizibwe, kwani kiazi kinachochungulia nje ndicho kinachoganda, nacho kikishayeyuka hulainika, hutoa maji na kuozesha wenzake guniani. Vilivyokusudiwa kuwa mbegu vichambuliwe, kisha vitandazwe kwenye vichanja penye hewa na mwanga hafifu. Kuvifungia kwenye magunia ni kuvitafutia uozo.

Anayetilia shaka uwezo wa kiazi kustahimili baridi kikiwa ardhini na apande hadi Hifadhi ya Taifa ya Kitulo wakati wa kipupwe. Orkidi nyingi zinazoipamba hifadhi ile wakati wa mvua huwa zimekauka kabisa juu ya ardhi, ilhali viazi vyake viko hai chini vikisubiri msimu. Tofauti ni kwamba orkidi zimezoea kujificha kwa wakati wake, na kiazi chetu hushtukizwa kikiwa na majani mabichi.

Wanaopaswa kuwa macho zaidi ni wenye vinyungu, yaani mashamba ya mabondeni. Hewa baridi ni nzito, na usiku usio na mawingu wala upepo hutiririka kutoka milimani na kutuama bondeni, kule kule tunakofuata unyevu wakati wa kiangazi. Simshauri mtu aache kinyungu chake, kwa kuwa hatuna shamba jingine la msimu huo, lakini akiona anga limetakata jioni na upepo umetulia, afunike kwa nyasi sehemu anayoimudu, hasa miche michanga, na aziondoe jua likishachomoza. Kumwagilia mchana wa siku hiyo pia husaidia, kwa sababu udongo wenye unyevu huhifadhi joto la jua kuliko mkavu na kulitoa usiku.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe kwa miezi ya Juni hadi Agosti, nasi tunaushukuru, ila sakitu ya Mei huwa imeshapita mwelekeo huo ukianza kufanya kazi. Kwa hiyo naliomba gazeti lako lichapishe utabiri wa joto la usiku wa nyanda za juu kusini kuanzia mwanzoni mwa Mei, na maofisa ugani wa kata wautangaze minadani na kwenye nyumba za ibada, ambako hata asiye na simu ataupata kabla ya jioni ya kufunika shamba.

Mkulima wa viazi,
Makete