Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025

Ndugu wanachama,

Mwaka huu sayari ya Zohali ilituficha pete zake. Ninaanza na jambo hilo kwa sababu limebadili namna tunavyowapokea wageni wanaokuja kutazama anga kwa darubini zetu kuliko azimio lolote tulilopitisha kikaoni.

Mnajua hali ilivyokuwa. Tarehe 23 Machi Dunia ilipita katika usawa wa pete, tukawa tunazitazama kwa ukingo. Siku zile sayari yenyewe ilikuwa karibu mno na Jua, kwa hiyo hatukuweza kuiona. Lakini mwezi Novemba, Zohali ikiwa juu vizuri tangu mapema jioni, mwinamo wa pete ulipungua tena hadi chini ya nusu digrii. Pete zenye upana wa kilomita 280,000 hivi kutoka ukingo hadi ukingo, ambazo unene wake kwa sehemu kubwa ni makumi ya mita tu, zilibaki uzi mwembamba uliopita katikati ya tufe. Na wageni walikuwa wamekuja kuona pete.

Jioni ya kwanza tulikosea. Kila mwenye darubini alianza kuomba radhi kabla mgeni hajainama kutazama, kisha akaeleza kwa dakika tano kwa nini pete hazionekani. Watu walitazama kwa haraka, wakashukuru kwa adabu, wakaondoka. Jioni iliyofuata mwanachama wetu mmoja, mtu wa maneno machache, aliwaacha watazame kwanza. Hakusema kitu. Kijana mmoja alikaa kwenye lenzi muda mrefu, akainuka, akauliza ule mstari ni nini. Hapo ndipo alipoelezwa, na akarudi kwenye foleni kutazama tena. Nilisimama karibu nikasikia maswali yakifuatana: zimekwenda wapi, zitarudi lini, nani aligundua kwanza. Swali la mwisho lilitupeleka kwa Galileo, mwanasayansi wa Italia, ambaye mwaka 1612 alitazama Zohali na kukuta vile vilivyokuwa ubavuni mwake vimetoweka, asijue sababu. Jibu lilitoka kwa Huygens, mwanaastronomia wa Uholanzi, mwaka 1659: ni pete nyembamba, nayo hupotea ikitazamwa kwa ukingo. Yule kijana alikuwa amesimama mbele ya fumbo lile lile, kwa jicho lake mwenyewe.

Tangu hapo nimeshikilia kwamba jicho litangulie, maelezo yafuate. Najua baadhi yenu hamkubaliani nami, hasa mnaoandaa mihadhara, na naiheshimu kazi yenu. Lakini aliyeshiba maelezo hutazama ili kuthibitisha alichoambiwa, na darubini zetu ndogo haziwezi kushindana na picha alizokwisha kuziona. Aliyetazama kwanza anakuwa na swali lake mwenyewe, na mtu halisahau swali lake.

Kupatwa kwa Mwezi tarehe 7 Septemba kulitupa umati mkubwa kuliko usiku mwingine wowote wa mwaka. Mwezi ulibaki ndani ya kivuli kamili cha Dunia kwa dakika 82, muda uliotosha hata kwa waliochelewa. Sikuona haja ya darubini. Tulichohitaji ni mtu wa kueleza kwa nini ulikuwa mwekundu: kwamba mwanga uliokuwa ukiufikia ulipinda katika angahewa ya Dunia, ndiyo rangi ya macheo na machweo yote yaliyokuwa yakitokea duniani dakika ile. Nililisema hilo mara nyingi usiku ule na sikulichoka.

Sasa jambo zito. Katika mojawapo ya vipindi vya kutazama Jua mchana, tulifunga kichujio mbele ya darubini kama inavyotakiwa, lakini darubini ndogo ya kulengea iliyo ubavuni iliachwa wazi. Mtoto alikuwa ameshainama kuitazama nilipomvuta. Hakuumia. Sikulala vizuri usiku ule. Kosa lilikuwa letu, na langu kwanza, maana mimi ndiye niliyesimamia kipindi. Jua likipitia kwenye lenzi huunguza jicho kwa muda mfupi sana, na retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina hisia ya maumivu ya kumtahadharisha mtu. Kuanzia sasa darubini ya kulengea inavuliwa kabisa kabla ya kutazama Jua, na darubini yoyote iliyoelekezwa huko haiachwi bila mtu hata kwa dakika moja. Hili halina mjadala.

Kuhusu fedha, mhazini atasoma hesabu zake. Vifaa viko salama, isipokuwa kioo cha darubini kubwa kinachohitaji kupakwa upya alumini.

Ombi langu ni kuhusu giza. Jicho huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kulizoea, na simu moja ikiwashwa huharibu kazi yote hiyo kwa foleni nzima. Usiku wa vimondo vya Desemba, wa tarehe 13 kuamkia 14, tuliwaomba wageni wazime simu na kulala chali. Mwanzoni walinung'unika. Baada ya nusu saa mama mmoja aliniuliza lile wingu dogo ni nini. Ilikuwa galaksi ya Andromeda, mkusanyiko mkubwa wa nyota ulio mbali nasi, ambayo mwanga wake umesafiri miaka milioni 2.5. Aliiona bila chombo chochote. Tufanye hivyo kila mara, na kila mmoja wetu aje na tochi nyekundu.

Jumamosi tarehe 10 Januari sayari ya Mshtarii itakuwa mkabala na Jua, yaani Dunia ikiwa katikati yao, ikionekana usiku kucha katika kundi la nyota la Mapacha. Miezi yake minne mikubwa huonekana hata kwa darubini ya macho mawili ikitulizwa vizuri juu ya kiegemeo. Nawaomba mje mapema, kabla ya machweo, tupange darubini pamoja. Mgeni akifika, mpisheni atazame.

Mwenyekiti wenu