Ukuta unaoitika mguso: tuanze na ukuta wenyewe

Mhariri,

Siku hizi kila anayetaka kupamba stendi, maktaba au uwanja wa shule anatamani mchoro unaojibu: mtoto akigusa ngoma, ngoma ilie; akigusa jahazi, upepo uvume. Ni jambo la kheri. Ila wapangaji huanza na mchoraji, wakamalizia na fundi umeme, na ukuta hauulizwi. Huku pwani ukuta ndio mwenye neno la mwisho.

Kabla ya tone la rangi, bandika nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, ziba kingo zote kwa utepe, iache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone kwa ndani, ukuta una maji. Hapo usichore. Picha ya kugusa si swichi. Chipu, yaani kijisakiti kidogo kilichounganishwa na rangi, hupima badiliko dogo mno la umeme mkono unapofika kwenye rangi. Lipu iliyolowa nayo hupitisha umeme, basi mvua za vuli zikianza picha zote hulia kwa pamoja au zote hunyamaza. Dawa ni kuchora kwenye ubao wa plaiwudi ya kuhimili maji, ukautundika ukiacha sentimita 3 nyuma hewa ipite. Kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe au Lamu msizipake vanishi hata kidogo: unyevu hukwama ndani, chumvi ikasukuma lipu mpaka ikabanduka.

Rangi yenyewe, ya kupitisha umeme, ni unga wa grafaiti (ule wa ndani ya penseli) na gundi ya akriliki, sawa kwa sawa kwa ujazo, tabaka mbili. Ikikauka, pima ukinzani wake kwa kipimo cha umeme (multimita): mstari wa sentimita 30 ukisoma chini ya kiloomu 10, inatosha, ukizidi, ongeza tabaka. Ni nyeusi tii, lakini juu yake unaweza kupaka rangi yoyote ya kawaida na vanishi, mguso utapita. Isipokuwa rangi ya fedha yenye unga wa alumini. Hiyo huunganisha ngoma na jahazi vikawa kitu kimoja.

Kila picha iwe na ukubwa wa kiganja na iachane na mwenzake sentimita 5. Bolti ya shaba nyeupe ipenye ubao (ya chuma italiwa na kutu), nyuma yake waya usiozidi sentimita 50 hadi kwenye chipu. Chipu moja ya aina ya MPR121 huhudumia picha 12. Waya mrefu huokota mvumo wa umeme wa taa, na ukuta utapiga ngoma saa nane za usiku pasipo mtu. Bodi iliyobeba chipu hujipima inapowashwa, kwa hiyo wakati huo asiwepo aliyeegemea mchoro.

Wapo wanaopendelea sensa ya mwendo inayotambua joto la mwili. Mchana wa Februari Mombasa, vitu vyote vikiwa na joto linalokaribia la ngozi, sensa hiyo humkosa mtu aliyesimama mbele yake.

Betri ya volti 12 yenye ujazo wa ampea-saa (Ah) 7, na paneli ya jua ya wati 20 zinatosha kwa bodi na spika ndogo. Kinachosahaulika kwenye mikataba ni matengenezo: vanishi mpya kila mwaka, na ufunguo wa sanduku la nyuma ukae kwa mlinzi wa pale, si kwa mchoraji aliyekwisha kulipwa akaenda zake.

Wachoraji na mafundi wa michoro ya ukutani,
Mombasa