Maji ya Kiwira yaje, lakini upotevu ujulikane mtaa kwa mtaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maji ya Jiji la Mbeya, hasa wito unaorudiwa kila kiangazi wa kuwataka wananchi watumie maji kwa uangalifu. Wito huo ni wa haki. Kasoro yake ni kwamba mwananchi anaambiwa asipoteze maji bila kuelezwa ni kiasi gani kinapotea mtaani kwake na kinapotelea wapi.

Jiji limekua haraka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 385,279, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 541,603, ilhali vijito vinavyoshuka kutoka safu ya Mlima Mbeya na Loleza ni vilevile vilivyoutosha mji ulipokuwa mdogo. Ndiyo maana wengi wetu tumeweka matumaini kwenye mradi wa Mto Kiwira, uliosanifiwa kuzalisha lita milioni 117 kwa siku. Sina ugomvi na mradi huo. Ila tukumbuke kwamba Kiwira ni mto wa majirani zetu wa Rungwe na Kyela na mwisho wake ni Ziwa Nyasa, wakati maji yanayotumika Mbeya mjini kwa sehemu kubwa huteremkia upande wa Mto Songwe na Ziwa Rukwa. Tukishayachukua, hayatarudi kwao. Mtu anayeomba maji ya bonde la mwenzake hana budi kwanza kuonyesha kwamba hayamwagi mitaroni.

Na hapa jiografia yetu haitusaidii. Mji umejengwa kwenye mteremko, na katika bomba lililojaa maji kila mita 10 za kushuka huongeza presha kwa takriban baa moja, yaani kipimo kimoja cha presha. Faida yake ni kwamba maji ya mlimani hutufikia bila gharama ya umeme wa kusukuma. Hasara yake ni kwamba mabomba ya mitaa ya chini hubeba presha kubwa, na presha hiyo hupanda zaidi usiku, watu wanapolala na koki zikiwa zimefungwa, hata mvujo unaotoa maji kidogo saa moja jioni ukatoa mengi zaidi saa nane usiku, wakati hakuna wa kuuona. Mafundi wanaijua dawa yake: kuugawa mtandao katika kanda ndogo, kufunga vifaa vya kupunguza presha, kuweka dira kubwa, yaani mita ya kupimia maji, mahali maji yanapoingilia kila kanda, kisha kulinganisha maji yaliyoingia na yale yaliyosomwa kwenye dira za wateja.

Ombi langu ni kwamba matokeo ya ulinganisho huo yasiishie ofisini. Taarifa za kila mwaka za EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, hueleza upotevu wa maji kwa mamlaka nzima ya maji, na takwimu hiyo inamfaa mdhibiti, lakini mkazi wa Ilomba au Isyesye hana la kuifanyia. Zibandikwe kila mwezi, kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, takwimu mbili tu: uniti zilizoingia mtaani na uniti zilizolipiwa. Zisomwe pia kwenye mkutano wa mtaa. Tofauti ikiwa kubwa, maana yake ni bomba lililopasuka chini ya ardhi, au dira mbovu, au mtu aliyejiunganishia kinyemela, na katika hilo la mwisho majirani wana macho kuliko mkaguzi yeyote, kwa sababu wanaijua nyumba yenye mchicha mbichi mwezi Oktoba na haijawahi kuletewa bili. Cape Town ilipokaribia kuishiwa maji mwaka 2018, wakazi walipangiwa lita 50 kwa mtu kwa siku, lakini jiji nalo lilitangaza kila wiki kiwango cha maji yaliyobaki mabwawani na kiasi kilichotumika. Wananchi walibana matumizi wakijua hesabu inakwendaje.

Wapo wanaoamini kwamba mgao wenyewe ni njia ya kuokoa maji. Nina shaka kubwa. Mgao usio na ratiba ya kuaminika humfanya mtu aache koki wazi ili asikie maji yakija, ajaze kila ndoo na kila pipa, kisha maji mapya yanapotoka ayamwage yale ya juzi kwa hofu kwamba yameharibika. Bomba likiwa tupu, maji machafu ya mtaroni huweza kupenya kwenye nyufa zilezile zinazovuja. Maji yanaporudi, husukuma mbele hewa inayozungusha dira, ndiyo chanzo cha yale malalamiko ya kulipia upepo ambayo kila msoma dira ameyasikia. Kama mgao haukwepeki, ratiba itangazwe na ifuatwe.

Kwa upande wetu wateja, kazi ipo na si ngumu. Funga koki zote usiku, soma dira, uisome tena asubuhi kabla mtu hajachota: ikiwa imesogea, kuna mvujo ndani ya uzio wako. Weka bluu ya kufulia kidogo kwenye tangi la choo. Rangi ikionekana kwenye bakuli ndani ya robo saa bila mtu kuvuta maji, kuna kifaa kinachovuja na maji yanakwenda bure mchana na usiku.

Kuhusu vyanzo nitasema machache. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na bado mikaratusi na mashamba vinaonekana vikiwa vimeikaribia mito. Kiangazi cha Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka ndani ya Hifadhi ya Ruaha baada ya maji kutumika huko juu Usangu, hakiko mbali na kwetu.

EWURA inapopokea ombi la kupandisha bei huitisha mkutano wa taftishi ili wananchi watoe maoni. Napendekeza kwamba ombi lolote lijalo kutoka mamlaka za Nyanda za Juu Kusini liambatane na takwimu za upotevu za kila mtaa kwa mwaka uliotangulia, na zibandikwe mitaani walau mwezi mmoja kabla ya mkutano, ili anayesimama kuchangia azungumze akiwa na hesabu ya mtaa wake mkononi.

Mkazi wa Iyunga,
Mbeya