Sidiria ya Baada ya Upasuaji Haishonwi kwa Haraka

Mwezi uliopita mama mmoja kutoka Mambrui alisimama mlangoni pa duka langu hapa Malindi, akanambia mbele ya wateja wengine kuwa nimemla pesa zake. Alilipa Sh2,800 kwa sidiria moja ya mwanamke aliyekatwa ziwa, yenye mfuko wa ndani wa kutilia ziwa la bandia, na sasa kikombe kimelegea, mkanda hautulii begani. "Kwa mitumba ningepata kumi," akasema. Sikumjibu pale, maana mtu aliyetoka kwenye ugonjwa habishaniwi hadharani. Nilimwingiza chumba cha ndani, nikampa maji, nikafungua daftari. Ila si yeye wa kwanza kulalamika hivyo, basi leo nimeona niandike.

Daftari lilionyesha nilimpima siku ya 19 tangu akatwe ziwa la kushoto. Siku ya 19 kwapa bado limejaa na kovu halijatulia. Nilimwambia avae kwanza ile nyepesi: kitambaa cha pamba, bila waya, kulabu ziko mbele ili asihangaike kupeleka mikono mgongoni, na mfukoni ziwa laini lisilo na uzito. Ziwa zito hungoja ruhusa ya daktari, na aghalabu ni wiki sita au zaidi. Hakutaka. Mpwa wake alikuwa anaolewa Ijumaa na dera lilishashonwa. Nikakata kitambaa, na hapo nilikosea kumkubalia. Uvimbe uliposhuka, nguo ikabaki na nafasi ya mwili ambao haupo tena.

Uzito wa ziwa la bandia una kazi yake. Mama aliyekuwa na maziwa makubwa akibaki na moja, bega la upande huo huvutwa chini, na shingo na mgongo hulipia. Hata dera humsema: shingo ya nguo hutelezea upande mmoja kutwa nzima. Kwa hiyo namsimamisha mteja mbele ya kioo, najaza mfuko wa majaribio kidogo kidogo mpaka mabega yalingane, ndipo naupima kwa mizani na kuandika. Kazi hiyo peke yake hula saa nzima, na mkasi bado sijaushika.

Wengi hujaribu kukwepa hapo. Hutia soksi, leso iliyokunjwa, sponji ya godoro. Bibi mmoja wa Gede alishona kifuko mwenyewe akakijaza pojo, kwa kuwa zina uzito mzuri. Ilikuwa kaskazi, joto limepamba moto. Jasho likapenya, na siku ya nne akahisi anachomwa kwenye kovu. Tulipokifungua pamoja, pojo zilikuwa zimechipua, kila moja na kimkia cheupe, na kitambaa kinanuka. Ngozi juu ya kovu ilikuwa imechubuka. Pesa alizomaliza kwa dawa na nauli za hospitali zingetosha sidiria mbili.

Wako wanaoniuliza kuhusu kutengenezewa ziwa jipya. Hilo ni la daktari wa upasuaji, na kwa watu wa huku mara nyingi ni safari ya Mombasa au Nairobi. Mimi najua linavyofika kwenye meza yangu. Wapo wanaowekewa kifuko cha silikoni au cha maji ya chumvi. Wengine huanza na kifuko kinachojazwa polepole kwa wiki kadhaa ili ngozi itanuke. Wapo wanaohamishiwa nyama yao wenyewe, ya tumboni au mgongoni. Yaweza kufanywa siku ileile ya kukatwa, au miaka baadaye. Aliyepigwa miale ya kutibu saratani aulize vizuri, maana miale huongeza matatizo ya vifuko. Na yuko anayeamua kubaki na kifua kitupu. Huyo naye namshonea nguo imkae, bila kumshawishi vingine.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni hili: ziwa lililotengenezwa mara nyingi halina hisia kamili. Mpira ukimkaza mwenyewe hasikii, anakuja kuona jioni akivua, ngozi imeshaingia alama nyekundu. Kwa hiyo mishono yangu ya kikombe hukaa nje, ndani unapapasa usikute hata uzi. Mkanda wa bega ni mpana, kwa sababu aliyeondolewa tezi za kwapani mkono wake waweza kuvimba, na mkanda mwembamba humkata. Aliyetolewa nyama tumboni, namwuliza mshono ulipo kabla ya kumshauri nguo ya chini.

Tena kifuko si cha maisha, huenda siku moja kikahitaji kutolewa au kubadilishwa. Ukisikia pahali wanaweka kwa bei ya chini mno, uliza ni cha kampuni gani na udai kadi yake. Mwaka 2010 Ufaransa ilipiga marufuku vifuko vya kampuni ya Poly Implant Prothèse baada ya kugundulika vimejazwa silikoni ya viwandani, na wanawake wengi duniani walikuwa tayari wamewekewa.

Wanaume nao huja, kwa kificho, na hupimwa na kakangu. Kijana anayebaleghe akivimba kifua, mara nyingi hupungua chenyewe, basi asikimbilie kisu. Wengine ni mafuta, wengine ni tezi, wengine ni dawa wanazomeza. Daktari ndiye atakayewatenganisha. Akiwa na donge gumu upande mmoja, kakangu hashoni kitu mpaka aende hospitali, kwa kuwa saratani ya ziwa huwapata wanaume pia. Aliyefanyiwa upasuaji huhitaji fulana ya kubana kwa wiki kadhaa, na tunamwambia achukue mbili. Kijana mmoja alichukua moja ili aokoe pesa. Akawa anaifua usiku na kuivaa mbichi asubuhi. Akajaa vipele, akaivua kabla ya siku zake, na uvimbe ukarudi.

Sasa Sh2,800. Ndani yake mna vipimo mara tatu, kitambaa kisichochoma kwenye jasho, ziwa lenye uzito wako, na marekebisho ya miezi sita bila malipo. Sidiria ya mitumba ilikatwa kwa kifua chenye pande mbili sawa. Kwa kukuhurumia naweza kukulipisha kidogo kidogo, lakini siwezi kupunguza vipimo.

Ya yule mama nimeifumua, nimeipunguza upande wa kwapa, na Jumanne anakuja kuijaribu. Siku za kupima ni Jumanne na Alhamisi asubuhi, kabla jua halijawa kali. Njoo na karatasi ya hospitali, kadi ya kifuko kama unayo, na lile dera unalolipenda zaidi.