Picha ya babu imechezewa? Tuletee ile ya karatasi

Wateja wengi hutuletea picha ya zamani ikiwa ndani ya simu, imeshazunguka kwenye WhatsApp ya ukoo, wakiuliza kama kuna mtu aliyeongezwa au kufutwa. Huwa ni mambo mazito: urithi, kibanja, nani alikuwa mke wa nani. Kwa nakala kama hiyo tunaweza kusema machache tu. WhatsApp huibana picha na kuondoa taarifa za faili, na kila ubanaji wa JPEG, unaofanyika kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, hula zile chembechembe ndogo ambazo ndizo ushahidi wetu mkubwa.

Karatasi yenyewe husema mengi zaidi. Tunaanza na kioo kinachokuza mara 10. Picha nyeusi na nyeupe iliyosafishwa kwa dawa hutoka kwenye weusi hadi kijivu taratibu, bila nukta zilizopangwa. Ukiona vinukta vya buluu, waridi na njano, hiyo imetoka kwenye printa, hata iwe imekunjwa na kuloweshwa chai ionekane kuukuu. Kisha tunazima taa za chumba na kuwasha ile ya kukagulia noti. Karatasi nyingi za picha tangu miaka ya 1950 zina kemikali ya kung'arisha weupe, nayo huwaka samawati chini ya taa hiyo. Picha inayodaiwa ni ya 1935 ikiwaka hivyo, karatasi ni ya baadaye. Lakini usimtuhumu mtu kwa hilo pekee, maana huenda ilisafishwa upya kihalali kutoka kwenye negativu (filamu ya asili iliyopigiwa picha).

Karatasi ikiwa halisi, tunaiskani kwa dpi 1200 (nukta 1200 kwa inchi), faili ya TIFF isiyopunguza ubora kama JPEG, bila kuwasha kiondoa vumbi cha skana, kisha tunailaza juu ya nakala inayosambaa. Kilichobadilishwa huonekana hapo hapo.

Ikiwa karatasi imepotea, tunafuata uzee wa picha ndani ya faili bora iliyobaki. Mkwaruzo hauchagui mtu. Ukianzia ukutani, ukafika begani, ukakatika usoni na kutokea tena upande wa pili, uso huo umebandikwa au umepakwa upya. Doa lenye umbo lilelile likijirudia mahali pawili, mtu amenakili kipande kimoja kufunika kingine. Linganisha pia vivuli vya pua: ni nadra mmoja kuangazwa kutoka kushoto na jirani yake kutoka kulia kwenye benchi moja.

Tafadhali msizipitishe picha za wazee kwenye programu za akili bandia za kung'arisha sura kabla ya kuhifadhi skani ya asili. Programu hizo hubuni macho na meno, huyeyusha mshipi wa gomesi (vazi la kike la Uganda), na maandishi ya ukutani hugeuka herufi zisizosomeka. Anayebaki si babu yako tena. Wala msigombane kwa sababu ya tovuti zinazodai kugundua picha iliyochezewa kwa kuonyesha maeneo "yanayong'aa": kingo kali na herufi hung'aa hata kwenye picha safi kabisa.

Kulainishwa uso kwa penseli juu ya negativu, au kutiwa rangi kwa mkono, ilikuwa kazi ya kawaida ya studio za zamani. Hilo tutaliandika kando kwenye ripoti.

Ukiwa mbali nasi, kama Gulu au Mbarara, skani picha mbele na nyuma, kwa kuwa mhuri wa studio na chapa ya karatasi hukaa mgongoni. Usikate kingo. Tuma faili kwa barua pepe, au kwenye WhatsApp ichague kama hati, isiende kama picha.