Tochi za zamani zifungwe LED, lakini kwa kanuni zake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuwaambie wasomaji wenye tochi za zamani za chuma, zile ndefu za betri kubwa mbili au tatu, wasiwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu. Bomba lake bado zima, na kioo chake ni kioo kweli, si plastiki inayogeuka manjano. Kilichopitwa na wakati ni balbu peke yake. Balbu ya PR2 iliyomo katika nyingi ya tochi za betri mbili, ya volti 2.4 na ampea 0.5, inakula wati 1 na ushee na kutoa lumeni (kipimo cha mwanga) 10 hivi. LED nzuri kwa wati 1 hutoa lumeni 100 na zaidi.

Kinachotusikitisha ni jinsi kazi hii inavyolipuliwa. Mtu ananunua balbu ya LED, anaichomeka, mwanga unatoka wa kinyonge au unakufa baada ya wiki chache, na lawama yote inaangukia tochi.

Kwanza volti. LED nyeupe si kama uzi wa balbu, ambao hufifia taratibu kadiri betri inavyoisha. Inataka karibu volti 3 ndipo iwake sawasawa, na chini ya volti 2.5 ni kama haipo. Betri mbili mpya zinafikisha hizo 3. Zikishatumika kidogo, kila moja ikashuka hadi 1.2, jumla inakuwa 2.4 na taa inakata, ilhali ndani ya betri bado mna nguvu nyingi. Ndiyo maana tochi ya betri mbili lazima iwe na saketi ya kupandisha volti. Zipo balbu za LED zilizo na saketi hiyo ndani: soma kiwango cha volti kilichoandikwa, na kama hakianzii chini ya 2, iache dukani. Angalia pia kitako, maana vipo vya aina mbili. PR ina ukingo laini unaokaa kwenye kishikio, E10 ina nyuzi za kufungia, na moja haiingii mahali pa nyingine. Tena LED ina chanya na hasi. Balbu nyingi za aina hii zina chanya kwenye ncha, kwa hiyo chuchu za betri zielekee kwenye balbu. Ikigoma kuwaka, geuza betri kabla ya kuitupa.

Kwa tochi ya betri tatu, fundi anayejua kuchomea risasi anaweza kufanya kazi bora zaidi: LED moja ya nguvu, kama XP-G2 ya kampuni ya Cree, iliyokwisha bandikwa kwenye kibati cha aluminiamu cha milimita 20, pamoja na chipu moja ya AMC7135. Chipu hiyo hupitisha miliampea 350 tu, betri ziwe mpya au zimechoka, mpaka volti zikaribie zile za LED yenyewe. Wengi hufunga rezista, yaani kizuia mkondo wa umeme, badala yake kwa sababu ni rahisi. Hesabu yake ni hii: volti 4.5 za betri, toa 3 za LED, gawanya kwa ampea 0.35, unapata omu 4.3, na dukani unachukua ya omu 4.7 ya wati 1. Itawaka, lakini betri zikishuka hadi volti 3.5 kwa jumla, mkondo unabaki kama theluthi na mwanga unakwenda nao. Sisi tunashauri chipu. Tochi inayofifia usiku wa manane haimfai mlinzi wala mkunga.

Sasa joto, na hapa ndipo LED nyingi zinapofia. Balbu ya zamani hutoa joto lake kwa mbele, pamoja na mwanga. LED hulitoa kwa nyuma, na nyuma ya balbu katika tochi hizi kuna kishikio cha plastiki kisichopitisha chochote. Kata kisahani cha aluminiamu cha unene wa milimita 2 au 3, kichonge kwa tupa hadi kiingie kwa kubana na kugusa bomba pande zote. Kibati cha LED kikalie juu yake kwa tabaka jembamba la ile krimu ya kupitishia joto wanayopaka mafundi kompyuta kwenye prosesa. Jembamba, kwa sababu krimu nene huzuia joto badala ya kulipitisha. Ukimaliza, washa dakika kumi na ushike kichwa cha tochi. Kikipata uvuguvugu, joto linatoka. Kikibaki baridi kabisa huku LED inawaka, basi linabaki kwenye LED na haitadumu. Kwa tochi ya plastiki usivuke miliampea 350 hata ukiwa na kisahani, maana joto halina pa kwenda.

Riflekta, kile kikombe king'aavu kinachoizunguka balbu, nayo ilichongwa kwa ajili ya uzi wa balbu, unaotoa mwanga pande zote ukiwa katikati hasa ya kina chake. LED humwaga mwanga mbele tu. Ikikaa nje ya mahali pale, ukutani unaona duara lenye shimo jeusi katikati, au mwanga uliotawanyika usiofika mbali. Inua au shusha kwa kuweka vipande vya bati chini ya kisahani, nusu milimita kwa nusu milimita, huku ukiangaza ukuta ulio mita 5 mbele. Kazi hii inataka subira, na ndiyo inayotofautisha tochi ya kuonea mita 10 na ya kuonea mita 100.

Tahadhari moja ambayo mafundi wengi huisahau. Riflekta ya chuma hupitisha umeme. Ikigusa risasi ya upande wa hasi wa LED, mkondo unaruka chipu na kwenda moja kwa moja kwenye bomba. Tochi inang'aa kupita kiasi, mwenyewe anafurahi, na baada ya muda mfupi LED imeungua. Weka kipande cha karatasi ngumu au utepe unaostahimili joto kati ya riflekta na kibati.

Kabla ya yote hayo safisha swichi na springi kwa msasa laini. Uchafu wa betri za kawaida za zinki una asidi, unatoka kwa magadi yaliyokorogwa kwenye maji. Ule unga mweupe wa betri za alkalini unatoka kwa ndimu au siki. Omu nusu tu ya kutu kwenye swichi inameza karibu volti 0.2, na kwa LED, volti hizo si chache. Na kwa vile saketi ya kupandisha volti hukamua betri hadi tone la mwisho, betri za zinki zikiachwa humo zimekwisha zitavuja na kuozesha bomba. Zitoe usiku huohuo. Usizitupe chooni wala motoni.

Ombi letu kwa waagizaji wa vipuri: leteni chipu hizi na vibati vya LED madukani, na kila balbu ya LED iandikwe kwenye pakiti kiwango chake cha volti, kuanzia chini hadi juu, pamoja na aina ya kitako. Leo mnunuzi anapewa balbu isiyo na maandishi yoyote na kuambiwa akaijaribu nyumbani.

Wasomaji wako,
Mafundi wa vifaa vya umeme,
Tanga