Moto wa taka majumbani
Asalaam aleikum wanamtaa, naomba tusikizane kuhusu hizi taka tunazochoma nyuma ya nyumba. Upepo wa kaskazi ushaingia, cheche moja ikirukia makuti ya jirani basi mtaa wote umekwenda, na vichochoro vyetu vya Lamu mwavijua, gari la zimamoto lipite wapi? Plastiki, pampasi na makopo ya dawa ya mbu msitie motoni kabisa, kopo hulipuka na moshi wa plastiki ni sumu, watoto na wenye pumu ndo wanaumia. Majani afadhali yafukiwe yaoze yawe mbolea. Ukilazimika kuchoma subiri upepo utulie, maji karibu, usiondoke. Na jamani kufukia makaa kwa mchanga si kuzima!! Chini hubaki moto masaa mengi, mtoto akikanyaga anaungua. Mwaga maji, koroga, mwaga tena.